Nyumba ya Atakayebaki

Mwanne binti Amiri alikuwa na namna yake ya kukunja mdomo upande mmoja anapomsikiliza mtu mjinga, na kwa kuwa aliwaona wajinga kuwa wengi, mdomo ule haukupata raha. Ulikunjika mbele ya mnunuzi wa korosho aliyepima gunia huku goti lake limeegemea mizani. Ulikunjika mbele ya wanawake waliosifu waume zao kisimani na kulizwa nao nyumbani. Lakini mbele ya wapwa wa mumewe ulikunjika mpaka ukakaribia sikio.

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata Mkotokuyana, kijiji alichokulia, bado mwari, siku alipokwenda kumtazama dada yake Raudha aliyekuwa amefiwa na mume. Huku kusini mali ya mwanamume ina njia yake ya zamani: hutoka kwake, ikapita kwa dada yake, ikawashukia watoto wa dada. Mke ni mpita njia. Basi wapwa wa marehemu walikuja kabla hata vumbi la kaburi halijatulia, wakachukua majembe, godoro, masufuria, na walipoona hakuna cha kubeba tena, wakang'oa mlango. Mwanne alimkuta Raudha amekaa chini, analitazama lile tundu kama mtu anayesubiri mgeni. Usiku fisi walikuwa wakilia karibu, na dada mtu amelala na watoto wake ndani ya nyumba isiyofungika.

"Hata mlango?" Mwanne aliuliza.

"Walisema aliutengeneza mjomba wao," Raudha akajibu.

Tangu hapo Mwanne hakuwa na ndoto ya dhahabu wala ya gari. Alitaka jambo moja tu: siku mume wake akifa, awe na mlango wa kufunga.

Mume aliyempata alikuwa Isihaka wa Narung'ombe, mkulima wa korosho na ufuta, mpole, mchapakazi, asiyeinua sauti hata kwa mbuzi. Mwanne alimpenda, na hapo hapo alimdharau kidogo, kama watu wengi wanavyowafanyia wapole. Walizaa mara mbili, wakazika mara mbili, kisha Mungu akanyamaza. Kwa hiyo kila mtu Narung'ombe alijua mali ya Isihaka inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda kwa Lukumani, mtoto mkubwa wa dada yake.

Huyo Lukumani naye! Aliwahi kuwa tarishi Lindi kwa muda mfupi, akarudi na koti la suti na kikohozi cha wakubwa. Koti alilivaa hata mwezi wa kumi, jua linapopasua vichwa, na kabla ya kusema neno lolote, hata la kuomba maji, alisafisha koo: "Ehe-ehem." Kila alipomtembelea mjomba wake alizunguka nyumba akigonga nguzo kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua nazi. Mwanne alimtazama kutoka jikoni na kujisemea kwamba huyu anapima jeneza la mtu aliye hai.

Ndipo alipoanza kumwuliza mumewe swali lile lile, mwaka baada ya mwaka, wakibangua korosho, wakipalilia, wakila.

"Isihaka, ukitangulia wewe, mimi naenda wapi?"

"Tutaona," Isihaka alijibu.

"Tutaona nini? Ukishafukiwa utaona nini?"

"Tutaona, mke wangu."

Mwanne akawa anaichukia tutaona kuliko tusi. Aliamini mumewe anamwogopa dada yake, na zaidi ya dada, anamwogopa mpwa mwenye koti. Mwanamume mzima, mabega kama mlango wa ghala, na hawezi kumwambia mtoto wa dada yake kwamba mke wangu nampa hiki. Alimwambia hivyo usoni. Isihaka alitabasamu, akaokota jembe.

Wilaya ya Ruangwa ilipoanzishwa, mji ukapata ofisi, mabasi yakaongezeka, na kila mwenye akili akatafuta mahali karibu na soko. Mwaka 1997 wakasikia kwamba fundi seremala mmoja Mmakonde, Mzee Eustace, anauza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, yenye bati na mikorosho nyuma yake, arudi Newala kwa wanawe. Mwanne aliposikia "seremala" aliuliza jambo moja: mlango wake ukoje? Akaambiwa ni wa mninga, una bawaba za chuma. Isihaka alitoa jasho la misimu yake, Mwanne akatoa la kwake, la ufuta na la mbaazi, wakakubaliana na mzee.

Lakini mwaka huo huo Mwanne alikuwa mgonjwa. Kifua kilimkamata tangu masika, akakonda mpaka kanga ikamzunguka mara mbili na kusaza. Watu walinong'ona kwamba ni ugonjwa wa siku hizi. Lukumani, akija kumjulia hali, alisimama nje ya mlango na kukataa hata maji ya kunywa. Dada yake Isihaka alikwisha kuulizia vyombo vya mgonjwa vitakwenda wapi. Isihaka alimpakia mkewe kwenye keria ya baiskeli akamsukuma hadi hospitali ya Nachingwea, na huko wakaambiwa ni kifua kikuu, kinatibika, ameze dawa bila kukosa.

Alimeza. Na siku aliyorudi kupimwa, nesi alimketisha karibu na dirisha akamwambia, "Mama, makohozi yako ni safi kabisa. Mwili utarudi taratibu. Wewe utatuzika sisi."

Mwanne alitaka kupiga kigelegele. Akakizuia. Alikumbuka kwamba anachojua Isihaka asubuhi dada yake anakijua mchana, na jioni kinavaa koti na kusafisha koo. Tena aligundua kuwa watu wanaongojea kifo chako huwa wapole. Hawakutumi, hawakusemi, hawahesabu kuku wako. Akaona acha wangoje. Alitoka nje amejikunyata, akamkuta mumewe ameshikilia baiskeli ukutani.

"Wamesemaje?" Isihaka akauliza.

"Niendelee na dawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeaga.

Isihaka hakuuliza zaidi. Alimpandisha kwenye keria, na walipoacha majumba ya Nachingwea nyuma yao akaanza kupiga mluzi. Mluzi! Mke yuko nyuma kama gunia la makumbi, na mume anapiga mluzi wa ngoma njia nzima, mlima na mteremko. Mwanne aliutazama mgongo wake akawaza: kweli huyu ni mti. Nikifa leo atanizika huku anapiga mluzi. Jambo hilo alilihifadhi, akawa anamtolea kila walipogombana.

Ikafika siku ya kununua. Karatasi iliandikwa, ndiyo, lakini karatasi mchwa hula, na watu wa huku waliyaamini zaidi masikio ya majirani. Muuzaji na mnunuzi huita ndugu zao wa pande zote mbili na majirani wote, wakazunguka mipaka kwa miguu, wakichomeka vijiti vya minyaa, mti wa ua unaochipua upesi, kwenye pembe, na kila pembe muuzaji huuliza kama kuna mwenye neno. Asiye na neno siku hiyo hana neno tena. Kisha watu hula.

Upande wa Isihaka alikuja Lukumani na koti lake, na ndugu wengine waliokuja kuangalia urithi wao ukinunuliwa. Upande wa Mwanne akatokea kaka yake Seleman. Huyu hakukanyaga hospitali hata mara moja. Alisema baiskeli yake haina breki. Siku ya kula breki zilipatikana. Mwanne alikuwa amekalishwa kwenye mkeka kivulini, akawatazama hawa na wale, akaona hana haja ya kwenda mbugani kuona tai.

Kwenye pembe ya kwanza tu Seleman alifungua mdomo.

"Mzee Eustace, mimi nina neno. Dada yangu ametia jasho lake hapa. Hana mtoto. Mungu akimchukua, nusu ya nyumba hii ni ya kwetu, ukoo wa mama yetu. Lisemwe leo."

Kwa mila alikuwa hajakosea, maana kama mali ya mwanamume inashuka kwa wapwa, basi jasho la mwanamke nalo linarudi kwao. Majirani wakatazamana. Isihaka akatazama vidole vyake vya miguu. Mwanne akamtazama Isihaka, akawaza: haya, bwana tutaona, ona sasa.

"Ehe-ehem."

Alikuwa Lukumani. Alifunga kifungo cha koti, akaingia katikati ya watu.

"Wazee wangu, jambo hili halitaki nusunusu. Nyumba ni ya hawa wawili, mke na mume. Mmoja akitangulia mbele ya haki, ukoo wake usikanyage hapa! Usidai hata kigae! Atakayebaki ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye mikorosho, na kila kilichomo ndani ya minyaa hii. Mimi Lukumani nimesema, kwa niaba ya ukoo wa mjomba wangu. Mwenye neno aseme leo, asiyesema leo anyamaze mpaka kiama!"

Alipokuwa akisema "akitangulia" na "atakayebaki" mkono wake ulijipeleka wenyewe: mara ukaelekea mkekani kwa mgonjwa, mara ukaelekea kwa mjomba. Hakukuwa na mtu asiyeelewa. Alikuwa amekwisha kumzika mke, akawafungia mlango shemeji za mjomba wake, na nyumba imebaki kwa mjomba ikimsubiri yeye. Alipomaliza alinyakua kijiti cha mnyaa mkononi mwa Mzee Eustace, akakichomeka mwenyewe, akakikanyagia kwa kiatu. Na pembe zote zilizofuata akarudia maneno yale yale, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Mzee Eustace alikuwa mtu makini. "Isihaka, umesikia?"

"Mpwa wangu amesema," Isihaka akajibu chini chini. "Mimi sina la kuongeza."

"Na wewe, mama?"

Mwanne alikohoa. Alikohoa kuliko kifua chake kilivyohitaji, akajifuta kwa pindo la kanga, akainua macho malegevu.

"Waliosema wamesema, baba. Mimi na hali hii nitaongeza nini?"

Seleman alimkodolea macho dada yake, akaona hana wa kumtetea, akasusa. Alisusa baada ya kula. Na usiku ule Mwanne alijifunika kanga mpaka kichwani akacheka bila sauti, mbavu zikamuuma, na mume wake kando yake akidhani analia. Angalau yeye aliamini kwamba anadhani hivyo.

Basi akapona. Lukumani alikuja msimu wa mabibo akamkuta ameongezeka mashavu. Akaja msimu wa ufuta, akamkuta juu ya ngazi anapigilia bati lililofumuka na mvua kubwa za mwaka ule. Mara ya tatu alimkuta amejitwika gunia, akamsalimia "shikamoo mkaza mjomba" kwa sauti ya mtu aliyeng'atwa na siafu. Baadaye akapunguza kuja. Mwanne alimwambia jirani yake Rosa, mwanamke wa Kimakonde aliyekuwapo siku ya mipaka, kwamba kunenepa kwake kumemkondesha mtu.

Waliishi vizuri ndani ya nyumba ile. Jioni Isihaka alifunga mlango wa mninga, Mwanne akasikiliza bawaba. Lakini hakumsamehe. Wakikosana kidogo tu alimkumbusha: "Hata nyumba hii aliyenipa ni Lukumani kwa ujinga wake na mimi kwa kikohozi changu. Wewe ulikuwa unahesabu vidole vya miguu. Wewe uliyenipigia mluzi naumwa!" Isihaka alitabasamu, akasema haya, yameisha. Na Mwanne akazidi kuona kwamba ameolewa na mti.

Mwaka 2004, wakati wa kupulizia salfa mikorosho, Isihaka alianguka shambani na bomba la salfa mgongoni. Walisema ni presha. Alifika nyumbani amebebwa, na hakusema tena.

Mwanne alimzika kwa macho makavu. Watu walishangaa, wengine wakasema ni ujeuri. Alikuwa na kazi moja kichwani, nayo ni kungoja adui. Aliwajua. Daraja la Rufiji lilikuwa limekwisha funguliwa, matajiri wa Dar es Salaam wakaanza kuulizia viwanja hadi Ruangwa, na nyumba ya karibu na soko ilikuwa imegeuka asali.

Walikuja siku ya arobaini. Lukumani aliichagua kwa makusudi, kwa sababu mwenye eda hatoki nje kubishana na wanaume. Koti lilikuwa lile lile, ila sasa halifungi. Alikuja na mgeni mwenye miwani ya jua ambaye, dua haijaisha, alikuwa akichungulia mikorosho. Mwanne alikaa ndani nyuma ya pazia, mkono wake umeshika fremu ya mlango. Alimwona Raudha amekaa chini analitazama tundu.

"Ehe-ehem. Wazee wangu, mjomba ametuacha. Mila yetu inajulikana. Mkaza mjomba tunamheshimu, tutamsafirisha kwao Mkotokuyana kwa heshima zote, na nauli tutatoa sisi."

"Mila?" akauliza mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amekaa karibu na sufuria. "Juzi si ulikuwa kwa shehe unauliza sharia?"

Ilikuwa kweli, na mtaa mzima ulijua. Lukumani alianza kwa shehe, shehe akamwambia mtoto wa dada hana fungu lake na mke ana fungu lake, akatoka pale ameikumbuka mila ghafla.

Mwanne akasema nyuma ya pazia, taratibu, kila mtu akasikia: "Mwenyekiti, mimi ni mwenye eda, sina maneno mengi. Naomba waliokuwapo siku ya minyaa waseme walichosikia. Basi."

Rosa hakungoja kuitwa mara mbili. Aliinuka, akavuta kanga yake kifuani akaifunga kama mtu anayefunga kifungo cha koti, akatoa tumbo mbele.

"Ehe-ehem!" alinguruma. "Mmoja akitangulia, ukoo wake usikanyage hapa! Usidai hata kigae! Atakayebaki ndiye mwenye nyumba! Mimi Lukumani nimesema! Asiyesema leo anyamaze mpaka kiama!" Kisha akaikanyaga ardhi kwa kisigino, kama vile ulivyokanyagiwa mnyaa.

Kicheko kilianzia kwa wanawake jikoni, kikahamia kwa vijana, mwisho hata wazee waliokuwa wameshika tasbihi wakainamisha vichwa mabega yakitikisika. Mzee mmoja akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mgeni wa miwani alitazama saa yake, akaondoka bila kuaga.

"Bwana Lukumani," mwenyekiti akasema, akijifuta machozi, "hata uende mahakamani utaulizwa mashahidi. Shahidi wa kwanza ni wewe. Minyaa uliyopanda ile pale, imenipita kimo."

Nyuma ya pazia Mwanne alikuwa amekunja mdomo kama hajawahi kuukunja. Alikuwa akitafuta neno la kumsindikiza nalo, chungu, litakalomfuata mpaka Narung'ombe. Lakini Lukumani alikuwa hajamaliza. Hasira zilimpanda, kikohozi cha wakubwa kikamkimbia, akapiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Si mimi! Ni mjomba! Mjomba ndiye aliyeniingiza!"

"Mjomba yupi?" Rosa akauliza.

"Isihaka! Alinijia mwenyewe jioni, siku waliyotoka hospitali Nachingwea. Aliketi kwangu akalia machozi. Akaniambia, daktari amekata tamaa, mke wangu hamalizi mwaka, na ndugu zake Mkotokuyana wanataka nusu ya nyumba. Akaniambia, mimi ni mwoga, sijui kusema mbele za watu, wewe mpwa wangu ndiye msemaji. Na maneno yote, atakayebaki, usidai kigae, yote, alinifundisha yeye! Alinirudisha mara mbili nilipokosea! Kumbe alikuwa anajua mke anapona! Mjomba wangu damu moja amenitega kama panya!"

Watu walicheka tena, kwa nguvu zaidi. Mwanne hakucheka.

Aliona dirisha la hospitali, nesi ameinama anasema makohozi ni safi, na nje ya dirisha lile lile, ukutani, mtu ameshikilia baiskeli. Akasikia mluzi. Njia nzima, mlima na mteremko, mpaka nyumbani. Mtu yule alikuwa amesikia mkewe hafi, na hakuwa na njia nyingine ya kupiga kigelegele. Kisha kwa miaka saba alitukanwa kwa mluzi huo, akatabasamu, akasema haya, yameisha. Alijua kabisa kuwa akimwambia mkewe ukweli, mdomo huu uliokunjika ungeshindwa kuuficha. Siku moja ungemtupia Lukumani usoni, na kazi yote ingeharibika. Alimjua mkewe kuliko mkewe alivyojijua.

"Dada Mwanne," Rosa aliita, akisogea karibu na pazia, "mpe basi neno lake aondoke nalo."

Mwanne alifungua mdomo. Alitafuta dharau yake pale inapokaa siku zote, hakuiona.

"Mwambieni ale kwanza," alisema mwishowe. "Chakula cha mjomba wake kipo."

Kisha aliusukuma mlango wa mninga, akasikia bawaba, akasikia komeo likiingia, akakaa chini sakafuni akiuegemea, na akamlilia mume wake.